Bomba Lililooshwa

Ngo. Ngo. Ngo.

Kisha kimya. Kisha tena: ngo, ngo, ngo. Sauti ilipanda kutoka tumbo la ardhi, ndani ya chuma, nyembamba lakini timamu, kama ya mgeni anayebisha hodi na hana haraka.

Inspekta Munyiva alikuwa amefumba macho, mgongo ameugeuzia mtambo wa pampu. Alihesabu kwa vidole. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Mara tatu. Alipofumbua macho, jua la saa tatu asubuhi lilikuwa limeshapanda juu ya mabati ya Kangemi.

"Nyamazeni wote," alisema. Wafanyakazi wanne waliosimama kando ya pampu wakanyamaza.

Sasa alisubiri kitu cha pili. Alipiga goti, akabandika sikio kwenye bomba jeusi lililotoka kwenye pampu, likateremka mteremko na kuingia ndani ya mlima. Kule chini, Konstebo Odero alikuwa amepewa nyundo na amri moja: gonga mara tisa, kisha tulia. Odero alitulia. Dakika tano nzima zilipita. Hakuna aliyemjibu. Bomba lilikuwa baridi, na bubu.

Munyiva akasimama, akapangusa goti, akaandika mistari miwili kwenye daftari. Sauti yafika juu. Hakuna jibu.

Mteremko huo, chini ya Waiyaki Way, ndiko watu walikochimba mawe ya kujengea miaka na miaka. Walichimba kwa mkono, wakaingia ndani kwa ndani, wakaacha mahandaki chini ya mashamba. Mashamba yakawa ploti, ploti zikaota nyumba za kupanga. Mwaka huu kuta zilianza kupasuka, nyufa za kuingiza mkono. Ndipo kampuni ya Jazilia, yenye ofisi ya vioo kule Upper Hill, ikaja na dawa yake: tope jeusi linalobaki baada ya makaa ya mawe kuoshwa, linalosombwa kwa malori kutoka mgodi wa majaribio huko Kitui. Tope huchanganywa na simiti, husukumwa kwa bomba hadi ndani ya handaki, huganda, na ardhi hupata mgongo. Taka ya shimo moja inajaza shimo jingine. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri.

Munyiva ni mzaliwa wa Kitui. Alikuwa ameliona bwawa la tope hilo nyuma ya boma la shangazi yake, limelala jeusi, halina hata chura.

Jumatatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kizuizi kilichojengwa ndani ya handaki ili kushikilia tope kilipasuka. Tope lilifurika hadi karibu na mdomo. Kampuni ilisema hakukuwa na mtu ndani. Lakini fundi mmoja wa mawe, Were, hakurudi nyumbani Jumatatu, wala Jumanne, wala jana. Na leo Alhamisi, saa nane mchana, kampuni ilikuwa na kibali cha kumimina tope jipya na kuliziba handaki lote.

"Niletee kitu kabla ya saa nane," mkuu wake alikuwa amemwambia kwa simu alfajiri. "Kitu, Munyiva. Si hisia. Kuna nyumba arobaini juu ya hilo shimo. Mlima ukilala, tutazika wangapi?"

Odero alitoka handakini akiwa mweusi hadi mapajani.

"Nimeingia mita kumi na tano, madam. Baada ya hapo ni uji."

"Uji?"

"Uji wa wimbi. Nimeingiza fimbo, imezama yote." Alikung'uta buti, tope likadondoka kwa vitone. "Si walisema hii kitu inakuwa jiwe?"

Munyiva alichota kwa kidole, akasugua. Siku tatu, na bado laini. Akatia kiasi kwenye chupa, akaandika tarehe na saa, akamkabidhi Odero.

"Na ule upande wa kulia? Ramani inaonyesha chumba."

"Kiko. Mlango wake umezama, unaona tu juu juu. Sakafu yake iko juu kuliko ya handaki. Bomba limefungwa kwenye dari, linapitia humo kwanza ndio liende mbele."

"Kwa hivyo mtu aliyekimbilia humo angelifikia bomba kwa mkono."

Odero alitazama nyundo aliyoishika, akaiweka chini taratibu.

*

Injinia Haron wa kampuni ya Jazilia alifika kwa gari safi lililotoka Kileleshwa. Kofia yake ya manjano haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alikuwa na rejista kwapani.

"Inspekta, umeamkaje? Mimi hata sijalala. Hao wapangaji wa huko juu wananipigia usiku kucha, wanasema wanasikia kuta zikilia."

"Pole. Nani hujaza rejista?"

"Mlinzi wa lango. Soma mwenyewe."

Munyiva alisoma. Jumatatu. Were, ameingia saa mbili na nusu. Ametoka saa nne na dakika tano. Mwandiko mmoja tangu juu hadi chini.

"Mlinzi yuko wapi?"

"Ameenda kwao. Amefiwa."

"Amefiwa na nani?"

"Sasa hiyo nayo nitajuaje?" Haron alicheka kidogo, akasogea karibu. "Dadangu, wacha nikuambie mambo ya wanaume. Were alitoka hapa mzima. Ako Kawangware kwa mwanamke, ama ameshuka Busia anakula samaki. Huo ukuta uliopasuka ni yeye aliujenga. Amesikia habari kwa redio, akaogopa."

"Redio gani? Hii habari haijatangazwa."

"Nasema tu kwa mfano."

"Sawa." Munyiva alitoa karatasi kwenye faili. "Hii ni taarifa uliyoandika Jumanne. 'Ukuta ulipasuka ghafla. Wafanyakazi wote walikimbia hadi barabarani. Pampu iliendelea kusukuma hadi dizeli ikaisha. Hakuna aliyegusa mtambo tangu hapo hadi polisi walipofunga eneo.' Ni kweli?"

"Neno kwa neno."

"Hakuna aliyegusa mtambo."

"Hakuna. Nani angebaki hapa kugusa kitu? Tulikimbia kama swara."

Munyiva akairudisha karatasi kwenye faili.

"Malori yangu yatafika saa saba na nusu," Haron alisema. "Saa nane namimina. Ukinizuia na zile nyumba zianguke, utawaeleza watu wewe."

*

Nje ya uzio wa waya, juu ya jiwe la kujengea, mwanamke alikuwa ameketi tangu alfajiri. Leso ameifunga kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa kazi. Huyo alikuwa Nasimiyu, mke wa Were. Kando yake alisimama Fidel, mdogo wa Were, mabega mapana na vidole vilivyovimba kwa tindo na nyundo. Mlinzi mpya alikuwa amemkataza kuingia mara tatu.

"Mama Ivyne," Munyiva alimwita. "Umekula kitu?"

"Nitakula nikimwona."

"Alitoka nyumbani Jumatatu saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Alikunywa chai, akaniambia ukuta haumpendezi. Maji yanatoka mengi, tope halishiki. Akasema leo ataingia auangalie kabla hawajaongeza." Alimtazama Munyiva moja kwa moja. "Afande, hao wanasema ana mwanamke Kawangware. Mume wangu akitoka kazini hulala na kiatu kimoja mguuni. Huyo wa Kawangware angemfanyia nini?"

Fidel aliguna, nusu kicheko, nusu kilio. Kisha akashika waya kwa mikono miwili.

"Afande, mmeangalia vijiwe?"

"Vijiwe gani?"

"Hamjui?" Fidel aligeuka kumtazama shemeji yake, akarudisha macho. "Pale mdomoni, mkono wa kushoto, kuna vishubaka vimechongwa kwa ukuta. Vidogo, unaingiza ngumi tu. Kila mtu wa machimbo ana chake. Zamani tulikuwa tunachonga alama kwa mawe yetu, ndio mnunuzi ajue hii ni ya nani. Sasa ukiingia ndani, unaacha kijiwe chako chenye alama kwa kishubaka. Ukitoka, unakichukua. Hata ukitoka kwenda haja. Yule wa mwisho akiona kijiwe kimebaki, haondoki. Anarudi ndani kutafuta mtu."

"Were alifanya hivyo hata kwa kazi ya hawa?"

"Were amekula kwa hayo mahandaki miaka kumi na tisa. Hawezi kupita pale mkono mtupu. Afadhali aingie bila suruali."

"Alama yake ni ipi?"

"Usimwambie," Nasimiyu alisema ghafla. Fidel akafunga mdomo. "Aende aangalie. Akirudi, atuonyeshe. Wasije wakasema tulimfundisha."

Munyiva alimtazama mwanamke huyo kwa heshima mpya. Miaka kumi na moja kazini, na ni mashahidi wangapi waliowahi kumkumbusha utaratibu?

*

Vishubaka vilikuwa saba, vimejipanga usawa wa kifua, vimejaa masizi ya koroboi za zamani. Mtu asiyejua angeviona mashimo ya popo. Mavumbi yalikuwa yamelala ndani ya sita. Cha saba, karibu kabisa na giza, kilikuwa na kipande cha jiwe la kijivu, ukubwa wa yai. Kando yao ilipigiliwa misumari ya kutundikia koti za wafanyakazi.

Odero alipiga picha kwanza, kwa mbali, kisha kwa karibu, rula ikiwa kando. Munyiva akavaa glavu, akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga wa tochi. Alama ilikuwa mistari mitatu iliyoanza mahali pamoja na kutawanyika, na mmoja mfupi nyuma. Chini ya kijiwe, mavumbi yalikuwa yamevurugwa. Juu yake hapakuwa na mavumbi hata kidogo.

"Injinia amepita hapa siku tatu," Odero alisema kwa sauti ya chini. "Ameona jiwe kwa shimo la mawe."

"Angeona nini kingine? Aliitoa koti ya Were kwenye msumari, akamsainisha mlinzi rejista. Hilo ndilo analolijua."

"Koti tumeithibitisha?"

"Angalia msumari wa tatu, uko mtupu. Mingine yote ina koti, na hizo koti ni za watu walio pale juu wakitutazama."

Walirudi kwenye uzio. Munyiva alifungua kiganja. Nasimiyu hakulia. Aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea salamu.

"Mguu wa kuku," alisema. "Iko pia kwa jiwe langu la kusagia. Alinichongea mwaka tulioana. Tuma mtu nyumbani akaangalie, mlango ni wa nne, Ivyne atamfungulia." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini afande, kwa nini umekitoa? Kijiwe cha mtu hakitolewi na mwingine kabla hajatoka."

"Ni ushahidi, mama," Munyiva alisema. Hata yeye alisikia jinsi neno hilo lilivyokuwa dogo.

Haron alipoonyeshwa alicheka waziwazi.

"Jiwe? Kwa machimbo ya mawe? Inspekta, ningejua ungekuja kuokota mawe ningekuletea lori." Alitazama saa. "Hicho kitu kinaweza kuwa hapo tangu uhuru. Mpigie mkuu wako, umwambie unasimamisha kibali kwa sababu ya mguu wa kuku. Mimi nangoja hapa nisikie anavyocheka."

Ilikuwa saa tano na nusu. Munyiva hakupiga simu. Alijua mkuu wake angeuliza nini: nani alimwona Were akiingia, na nani hakumwona akitoka? Kijiwe hakiapi mahakamani.

*

Kiarie, mwendesha pampu, alikuwa mtu wa makamo kutoka Limuru, kimya, mwenye kucha safi kuliko za daktari. Spana zake zilikuwa zimepangwa kwenye ubao kwa ukubwa, kila moja na nafasi yake iliyochorwa kwa rangi nyeupe. Pampu yenyewe ilikuwa imepanguswa hadi kwenye nati.

Munyiva aliketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akaitazama pampu kwa muda.

"Mtambo mzuri."

"Ni wa zamani, madam. Lakini ukiutunza, hautakuaibisha."

"Kwetu Kitui, mzee mmoja alikuwa na posho mill ya kusaga mahindi. Usiku aliifunika blanketi, yeye akalala bila."

Kiarie alitabasamu bila kupenda. "Huyo ni fundi."

"Nieleze basi, mimi si fundi. Hili tope likibaki ndani ya bomba, inakuwaje?"

"Haliwezi kubaki. Linalala chini, linaziba. Ikiwa na simiti, masaa mawili bomba ni jiwe. Hata simiti ikiwa kidogo, mchanga wa makaa unashikana. Unatupa bomba lote."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo lazima uoshe. Kila ukimaliza. Unazima pampu, unafungua hapa, unaingiza mpira wa sponji." Alionyesha kwa mikono, na mikono ilisema vizuri kuliko mdomo. "Halafu unafungua koki ya tangi lile pale juu. Maji yanateremka yenyewe, yanasukuma mpira, mpira unafagia tope lote hadi mwisho. Unangoja dakika ishirini. Bomba linakuwa safi, unaweza kunywa chai nalo."

"Hizo dakika ishirini, pampu inanguruma?"

"Hapana, si nimesema imezimwa? Ni maji tu."

"Kumetulia."

"Kumetulia kabisa."

Munyiva alikubali kwa kichwa. "Jumatatu ilikuwaje?"

Uso wa Kiarie ulifungika kama duka. "Ukuta ulipasuka. Tukakimbia wote. Pampu ikabaki ikinguruma mpaka dizeli ikaisha. Mimi sikusikia kitu, madam. Hii pampu ikinguruma husikii hata jina lako."

"Sijakuuliza kama ulisikia kitu."

Kiarie akainyoosha spana moja kwenye ubao.

"Konstebo," Munyiva aliita, macho hajayatoa kwa Kiarie. "Chukua spana namba kumi na tisa hapo kwa ubao. Fungua kiungio cha kwanza cha bomba."

"Madam, hiyo usifungue," Kiarie alisema.

"Kwa nini? Kulingana na taarifa, ndani kuna tope lililokaa siku tatu. Limekuwa jiwe. Halitamwagika."

Odero alifungua nati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiungio kikaachia. Alivuta bomba kando, akamulika tochi ndani. Mwanga ulikimbia mita nyingi bila kukutana na kitu. Chuma kiling'aa.

Munyiva aliingiza kidole, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa na unyevu kidogo tu. Akakiweka mbele ya macho ya Kiarie.

"Uliliosha."

Kiarie alitazama kidole.

"Mtu mwingine angeliacha," Munyiva alisema. "Angekimbia, kama mlivyoandika. Bomba lingekuwa jiwe na uongo wenu ungesimama wima. Lakini wewe mkono wako hauwezi kuacha tope ndani ya bomba. Ukuta umepasuka, watu wanapiga kelele, wewe unazima pampu, unaingiza mpira, unafungua maji. Dakika ishirini, Kiarie. Kumetulia kabisa. Asubuhi ya leo Odero amegonga lile bomba kwa nyundo, na mimi nimesikia nikiwa pale pale unapokaa wewe. Mkigonga mara tatu huko chini, inamaanisha nini?"

"Moja ni simamisha," Kiarie alisema. "Mbili ni anza."

"Nimekuuliza tatu."

"Tatu ni mtu ndani."

"Ulisikia mara ngapi?"

Kiarie aliketi chini, pale pale kwenye udongo, na suruali yake safi. Alizungumza akitazama spana zake.

"Ilianza nikishafungua maji. Nikasema ni bomba linatulia. Lakini bomba halihesabu, madam. Ilikuwa tatu, tatu, tatu. Nikafunga koki. Injinia akaja akaniuliza kwa nini nimefunga. Nikamwambia Were ako ndani, ako kwa kile chumba cha mkono wa kulia tunachokulia chakula, anagonga. Akasikiza. Alisikia, madam! Uso wake ulikauka. Halafu akaniambia hakuna mtu atamfikia, tope ni nyingi, tukianza kuchimba mlima utalala. Akasema osha bomba umalize."

"Ukafungua koki."

"Nikafungua."

"Maji yalienda wapi?"

Kiarie alionyesha kwa kidole kule mteremkoni. "Huko ndani. Yote yalienda huko ndani. Tangi nzima."

Hata Odero aligeuka pembeni.

"Aliacha kugonga lini?" Munyiva aliuliza. Sauti yake haikubadilika, lakini kalamu ilitoboa karatasi.

"Sijui. Jumanne asubuhi nilikuja mapema kuliko wote. Nikaweka mkono kwa bomba. Nikasikia moja. Si tatu. Moja tu, pole pole. Ya pili haikuja."

"Kwa nini injinia hakutaka pachimbwe?"

"Kwa sababu ya simiti. Kila mchanganyo ulikuwa uwe na mifuko kumi. Tulikuwa tunaweka mitatu. Were alilalamika wiki nzima, alisema huu ukuta unashika maji, haushiki jiwe. Mkichimba, mtatoa uji, na kila mtu ataona ni uji."

Munyiva alimsomea maneno yake yote, mstari kwa mstari. Kiarie akatia sahihi na alama ya kidole, kisha akaomba kitambaa apanguse kidole chake cha wino. Odero alimnyima.

*

Saa saba na dakika ishirini na tano, malori mawili yalisimama langoni, mapipa yake yakizunguka na kudondosha weusi barabarani. Haron alikuwa ameshainua mkono kuyaita.

"Odero, ufunguo wa pampu," Munyiva alisema. Odero aliuchomoa, akautia mfukoni.

"Inspekta, hii ni nini?"

"Ni eneo la uhalifu. Kiarie amezungumza."

Haron alimtazama Kiarie, aliyekuwa bado ameketi chini. Kisha akafanya kosa ambalo watu wenye kofia safi hulifanya.

"Alikuwa ameshakufa!" alisema. "Mtu aliyezungukwa na tope hivyo ni maiti, hata kama anagonga. Ningefanya nini? Niangushe nyumba arobaini kwa sababu ya fundi mmoja?"

"Umesema anagonga."

Kofia ya Haron ikaonekana kubwa kichwani mwake.

"Watu wa nyumba arobaini ungewahamisha Jumatatu kwa muda wa saa tatu," Munyiva alisema. "Kuna kanisa pale juu, kuna shule, kuna watu wenye mikono. Ulichokuwa unakilinda si nyumba. Geuka, weka mikono nyuma."

Alipiga simu mbili. Ya kwanza kwa mkuu wake, maneno matatu: "Nimepata kitu, mkuu." Ya pili kwa chifu, kwamba wapangaji wote wa mteremko walale kanisani kuanzia leo, na kwamba wachimbaji wote wa zamani wa Kangemi wanaojua mahandaki waitwe na sepetu zao. Fidel hakungoja kuitwa. Alikuwa ameshavuka uzio, anavua shati.

Nasimiyu alikuwa amesimama sasa. Simu ilikuwa sikioni, na mzee mmoja alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa kutoka Bungoma, maneno yakivuja nje ya sikio. Aliisogeza mbali kidogo.

"Ni baba mkubwa," alimwambia Munyiva. "Wanasema siku tatu zimetosha. Mtu asipopatikana, mgomba unakatwa, unalazwa kwa jeneza, unazikwa mahali pake. Kesho wanataka kuukata. Shimo wameshapima." Aliifunika simu kwa kiganja. "Afande, nimemsikia yule mtu wako wa pampu. Sikuulizi kama ako hai. Mimi si mtoto. Nakuuliza kitu kimoja. Nitalilia mgomba?"

Munyiva alitazama mdomo wa handaki, ambako Fidel na wanaume watano wa machimbo waliomfuata kutoka kwenye uzio walikuwa wakiingia mmoja mmoja. Kila mmoja, kabla ya kuinama, aliingiza mkono kwenye kishubaka na kuacha kijiwe. Munyiva akatoa kile cha Were kwenye bahasha ya ushahidi. Picha zilikuwa zimepigwa, vipimo vimeandikwa, na Odero alikuwa shahidi. Akateremka, akakirudisha kwenye kishubaka cha saba, alama ikitazama nje. Kisha akapanda tena, akasimama mbele ya mwanamke yule, akachukua simu mkononi mwake na kuzungumza ndani yake kwa sauti ambayo kila mtu pale mteremkoni aliisikia.

"Baba, mimi ni Inspekta Munyiva, nasimama Kangemi mbele ya mke wa mwanao. Weka panga chini. Mgomba msikate. Nitamtoa Were humo ndani, hata kama ni kwa kijiko, na hadi atoke, hakuna tone litakalopita kwenye bomba hili. Mtamzika yeye mwenyewe."